Swali la lugha: Wageni wa Garibaldi walikuwa mamluki?

SWALI: Nafundisha historia kidato cha sita, Masasi. Somo lenyewe ni la Kiingereza, lakini nikiona macho yamezubaa nageukia Kiswahili. Juzi niliwapa vijana kazi ya kueleza kwa Kiswahili jinsi Italia ilivyounganishwa. Mmoja akaandika kwamba Garibaldi, jemadari mmojawapo wa mapambano hayo, alisaidiwa na "mamluki wa Kiingereza na wa Kihungari". Nikamkata alama mbili na kuandika pembeni: "askari wa kujitolea". Amekuja juu, anadai ni kitu kilekile. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme "askari wageni" au "askari wa kigeni"?

JIBU: Mwalimu, pole na chaki. Kabla ya kumhukumu kijana, muulize kama anacheza mpira.

Huku kwetu Kusini, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, neno mamluki watu hawalipati kwenye vitabu vya vita. Wanalipata kando ya uwanja. Shule inaleta beki mwenye ndevu kwenye mashindano, mtu aliyemaliza kidato cha nne miaka mitatu nyuma, na upande wa pili unaanza: "Mamluki huyo! Mamluki!" Hakuna anayeuliza kalipwa nini, pengine ni sahani ya wali na soda. Kosa lake ni kwamba si wa pale. Basi kijana wako aliposoma kuwa Mhungari István Türr alikuwamo katika msafara wa watu elfu moja na ushei waliotia nanga na Garibaldi huko Marsala, Sisilia, tarehe 11 Mei 1860, akamwona yule beki. Si wa pale, kachezeshwa.

Kwa hiyo Kiswahili anakijua. Alichokosa ni kutenganisha Kiswahili cha uwanjani na kile cha historia.

Neno lina safari ndefu. Kwa Kiarabu mamluk ni aliyemilikiwa. Ni mzizi uleule uliotupa miliki na milki. Walikuwa watumwa walionunuliwa wakafunzwa vita, na mwisho wakageuka wakawa watawala wa Misri, kuanzia 1250 hadi 1517. Kiswahili kilipolichukua, utumwa ukadondoka njiani, ikabaki maana ya mtu anayepigana vita isiyomhusu kwa sababu kuna aliyemlipa. Mfano usiwatafutie Ulaya. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri Wasudani kutoka Cairo na vijana wa Kishangaani kutoka Msumbiji, akaja nao kuzima upinzani wa pwani. Mei 1890 kikosi hicho kikaziteka Kilwa, Lindi na Mikindani. Wale hawakuwa na ugomvi na mtu wa Lindi. Mkataba uliwaleta, mshahara ukawaweka. Hao waite mamluki, sitakusahihisha.

Sasa kujitolea. Hapa wengi huteleza, na mimi nimewahi kuteleza. Kutoa, kujitoa, kujitolea: ukiitazama haraka utadhani ni ngazi moja inayopanda. Lakini askari aliyejitoa ameondoka jeshini, na aliyejitolea ameingia. Kiambishi kidogo tu cha kutendea kimegeuza mtu kutoka mtoro kuwa shujaa. Ukisahihisha insha usiku, umeme ukikatika-katika, hilo e-a liangalie kwa makini.

Kijana anaweza kukubana kwamba watu wa Garibaldi walikula na kuvaa kwa fedha za vita, basi walilipwa. Mkumbushe Jeshi la Kujenga Taifa. Kuna vijana wanaoingia kwa mujibu wa sheria na kuna wanaoingia kwa kujitolea, na hawa wa pili wanapewa posho bila jina lao kubadilika. Jeshini, kinyume cha kujitolea ni kulazimishwa. Shuleni kwako hali ni nyingine: "mwalimu wa kujitolea" ni yule ambaye mwisho wa mwezi haendi benki. Maana hizi mbili zikichanganywa, mabishano hayaishi.

Kwa hiyo posho peke yake haikuambii kitu. Tazama mtu angekuwa wapi kama posho isingekuwapo. Garibaldi mwenyewe aliwahi kuwa mpiganaji wa ugenini. Kule Montevideo, Uruguay, aliongoza Kikosi cha Waitalia kuanzia 1843, na wenyeji walipotaka kuwapa ardhi kama shukrani, waliikataa. Mamluki gani anakataa shamba? (Ndiko zilikoanzia zile nguo zao maarufu. Ni Mashati Mekundu, tafadhali, si "Mashati Nyekundu".)

Waingereza wana kisa kitamu zaidi, nacho ni cha lugha tupu. Sheria yao ya 1819 iliwakataza raia kuingia vita vya nchi nyingine bila ruhusa. Kwa hiyo mwaka 1860 wafuasi wa Garibaldi walipotafuta wapiganaji London, tangazo halikutaja askari. Liliwaalika watu kwenye matembezi ya Sisilia na Napoli, na waliojiandikisha wakaitwa watalii. Watalii mia sita hivi, wenye bunduki! Walifika katikati ya Oktoba, mapigano makubwa ya Mto Volturno yakiwa yamekwisha tangu tarehe 2.

Ila mwambie kijana asidhani neno hili halina upande. Septemba 1860 serikali ya Piemonte, ufalme wa kaskazini ulioongoza kuiunganisha Italia, ilimtaka Papa, ambaye wakati huo alitawala nchi katikati ya Italia, avunje vikosi vyake vya wageni, kwa hoja kwamba ni mamluki. Humo mlikuwa na Waayalandi zaidi ya elfu moja waliokwenda kwa ajili ya dini yao. Baadaye wakaja Mazuavu wa Papa, kikosi kingine cha kumlinda, Waholanzi wakiwa wengi miongoni mwao, nao kwa imani hiyohiyo. Aliye upande wako amejitolea, wa upande wa pili ni mamluki. Mwandishi wa historia asiingie mtego huo. Mazuavu nao awaite wa kujitolea.

Kuhusu wageni na kigeni: "askari mgeni" kwa masikio ya Mtwara ni askari aliyehamishiwa hapa juzi, bado anaulizia njia ya Shangani. Mgeni kwetu ni hadhi ya muda, ndiyo maana siku ya tatu anapewa jembe. "Askari wa kigeni" ni wa taifa jingine hata akikaa miaka kumi. Tumia hilo la pili. Lakini "askari wa kigeni wa kujitolea" ni treni ndefu. Taja watokako na sentensi itapumua: Wahungari waliojitolea, Waingereza waliojitolea.

Jambo moja hukuuliza. Usiandike "vita vya muungano wa Italia". Kwa Mtanzania Muungano ni Aprili 1964, na hapakuwa na vita vya kuuleta. Andika "vita vya kuiunganisha Italia".

Alama mbili ulizokata, mrudishie moja.