Kitovu cha mtoto njiti (anayezaliwa kabla ya wakati): msikimbilie mkasi

Dada wa Sakina, Arusha, pole na hofu. Umesema una wiki 31, daktari amekuonya huenda ukajifungua mapema, na mama mkwe anataka kitovu kikatwe upesi ili damu ya mtoto isirudi kwako. Mama tunamheshimu, ila hapo sivyo.

Mtoto akitoka, karibu theluthi ya damu yake, kwa njiti hata nusu, bado iko kwenye kondo. Mimi ni mkunga huku Moshi. Ukikishika kitovu unasikia kinadunda, kinene, cha buluu. Baadaye kinalegea na kuwa cheupe. Muda wote kinapodunda, damu inamfuata mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri kisibanwe kabla ya dakika 1, hata kwa njiti, mradi anapumua. Kusubiri huko hupunguza haja ya kuongezewa damu na humpa nafasi nzuri zaidi ya kuishi.

Asipopumua, watakata mapema wamsaidie kwa mfuko wa hewa. Hapo usibishane nao. (Kuna wanaokamua kitovu kama chuchu ya ng'ombe, kwa mtoto wa chini ya wiki 28 ni hatari, ubongo unaweza kuvuja damu.)

Liseme kliniki sasa, uchungu ukianza hutakumbuka. Beba khanga kavu na kofia, baridi ya Arusha unaijua, na njiti hupoa haraka. Halafu, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, daktari amezitaja? Muulize kesho.