Maswali ya wasomaji: Hela iende kwenye sola au kwenye dari?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tunataka kuanza kujenga, nyumba yetu ya kwanza, vyumba vinne, tuna watoto watatu na mama mkwe tunakaa naye. Ramani tayari, ni nzuri kweli, ina kona kona nyingi na mapaa yanapandana. Shida bajeti imebana na tunataka nyumba isiyokula umeme. Fundi anasema tuachane na insulesheni ya dari, yale matandiko ya kuzuia joto, hiyo hela tununulie sola, eti sola ndo inashusha bili. Mume wangu kakubali, mi roho inasita. Tufanyeje?
Mama Watatu

JIBU: Dada yangu, roho yako haijakosea. Sola naipenda sana, lakini sola mnaweza kufunga hata baada ya miaka mitano na nyumba isipungukiwe kitu, ila ukuta mrefu ukishakaa upande mbaya wa jua hakuna fundi wa kuja kuugeuza. Hela ikiwa ndogo ianzie kwenye vitu ambavyo hamtapata nafasi ya kuvirudia, yaani umbo la nyumba, inaangalia wapi, paa na madirisha.

Tuanze na hizo kona maana ndo zinakula hela kimya kimya. Chukua kalamu. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100 na ukuta wa nje unazunguka mita 40. Ukiifanya mita 5 kwa 20 ukubwa ni ule ule 100 lakini ukuta unafika mita 50, umeongeza robo nzima ya ukuta na msingi wake na plasta yake na rangi yake, wakati ndani hamjapata hata nafasi ya kitanda kimoja zaidi, na ukuta huo wa ziada ndo joto linapoingilia au kutokea kila siku. Kona nazo zinafanya kazi hiyo hiyo, tena paa likishakuwa na makutano mengi maji yanatafuta pa kupenya. Mwambieni mchoraji airudishe kwenye mstatili wa kawaida, uzuri mtaupata kwenye baraza na madirisha.

Huo mstatili uulaze mashariki magharibi, kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini linaingia dirishani moja kwa moja hata paa lichomoze vipi, la mchana liko juu kwa hiyo kibaraza kinatosha kulizuia. Wa sehemu za baridi ndo wanalitaka liingie, basi kioo kikubwa kiwe upande linakopita jua la mchana, ambao kaskazini mwa dunia ni kusini, na kusini mwa dunia ni kaskazini. Kugeuza ramani kwenye karatasi ni bure kabisa.

Sasa dari, hapa mimi na fundi wenu hatuelewani kabisa. Paa ndo linapigwa na jua kutwa nzima, na kwenye baridi hewa ya moto inapanda inatokea huko huko, halafu mnataka kupaacha wazi? Wale wa Passivhaus, yaani kiwango cha Kijerumani cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, nyumba yao ya kwanza ilijengwa Darmstadt Ujerumani watu wakahamia 1991, kiwango chao ni kupasha joto kwa uniti 15 tu kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na hawakufika huko kwa sola bali kwa insulesheni nene, madirisha mazuri, kuziba mianya na mfumo wa kubadilisha hewa. Hilo la hewa msilisahau, mkiziba bila kuweka pa kupumulia jikoni na bafuni mtavuna ukungu.

Jiko na bafu viwe mgongo kwa mgongo ili bomba la maji ya moto liwe fupi. Bomba lenye tundu la milimita 15 kila mita 10 linabeba karibu lita 1.8, maji mliyolipia kuyachemsha yanapoa humo humo. Sola ikingoja, fundi umeme apitishe paipu tupu kutoka kwenye paa hadi kwenye meni swichi kabla ya plasta, siku mkipata hela mtanunua mtambo mdogo tu kwa sababu nyumba yenyewe haidai umeme mwingi.

SWALI: Mi msingi nishamwaga na upande mrefu unaangalia magharibi. Ndo basi tena?
Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Bado ndugu yangu, madirisha hujaweka. Upande huo peleka stoo, bafu na ngazi, vyumba vya kulala vikae mashariki, na madirisha ya magharibi yawe machache na madogo. Yatakayobaki yawekee kivuli kwa nje, vifuniko vya mbao au miti, kwa sababu pazia la ndani linakutana na jua likiwa limeshapita kwenye kioo na joto limeshaingia. Ongea na fundi wiki hii, kabla tofali hazijafika usawa wa madirisha.