Kabla ya kununua trekta la shamba la miti, kata mwanzi

Mwenye shamba la miti akiniuliza anunue trekta la HP (nguvu za farasi) ngapi, mimi humuuliza mistari yake imeachana kiasi gani. Wengine hudhani nakwepa swali. Lakini huku kwetu Mufindi, mkoani Iringa, ambako mwenye eka chache za misindano siku hizi anapiga hesabu ya kupunguza vibarua wa kubeba magogo, HP ni jambo la tatu. La kwanza ni upana, la pili ni uzito.

Wengi tumepanda mita 3 kwa 3, kama miti 1,100 kwa hekta. Mita 3 kwenye karatasi ni nyingi. Ila msindano ukishafika shina la sentimita 20, nafasi yenyewe inabaki mita 2.8. Sasa ingiza humo trekta la kulimia la HP 50, ambalo matairi yakitanuliwa linaweza kufika upana wa mita 1.9. Linakuachia sentimita 45 kila upande. Kwenye tambarare dereva mzoefu atapita. Kwenye mteremko, udongo mwekundu ukiwa umelowa, tairi la nyuma likiserereka kidogo tu limeshachuna gome. Na linachuna chini kabisa, kwenye gogo la kwanza, lile lenye mbao pana na bei nzuri. Trekta dogo la upana wa mita 1.4 linakuachia sentimita 70, na hapo dereva anapata pa kukosea bila kukutia hasara.

Namna ninayopimia ni hii. Kata mwanzi (kwetu si shida, mianzi ya kugemea ulanzi, pombe yetu, haikosekani), urefu wake uwe upana wa trekta unalolitaka pamoja na nusu mita kila upande. Kwa trekta la mita 1.4, mwanzi ni mita 2.4. Ushike umelala usawa wa kiuno, utembee nao kati ya mistari kutoka barabarani hadi bondeni. Kila mti unaougonga, upake chokaa. Chokaa ikizidi, trekta hilo si la shamba hilo, labda ukipunguza miti uondoe mstari mmoja mzima uwe njia. Mimi hupendelea njia hata kwa mwenye trekta dogo. Magogo yanavutwa hadi njiani, na trekta haliingii kila mahali kushindilia udongo juu ya mizizi ya miti iliyobaki.

Tuje kwenye uzito, na hapa ndipo wauzaji wanapowachanganya watu. Gogo la futi 12 lenye kipenyo cha sentimita 30 ni robo ya mita ya ujazo. Msindano mbichi unakaribia tani 1 kwa mita ya ujazo, hivyo gogo hilo moja ni kilo 230 hadi 250. Ukifunga matatu kwenye mnyororo, una kilo 700 na ushee. Trekta la HP 25 lenye uzito wa tani 1 injini yake itaweza, ukitumia gia nzito. Tatizo ni matairi: yatazunguka palepale yakichimba mashimo, na likipandisha kilima pua inaanza kuwa nyepesi. Kujaza maji matairi ya nyuma na kufunga vyuma vya uzito mbele husaidia, lakini hakuligeuzi kuwa trekta jingine. Kwa shamba la eka 10 hadi 50 lenye vilima vya kawaida, mimi nasimama kwenye HP 35 hadi 40, fowili (linalovuta kwa magurudumu yote manne), uzito wa tani 1 na nusu hivi. Pawatila, yaani trekta la mkono la magurudumu mawili, ibebe miche na mbolea. Magogo yaachiwe trekta.

Mnyororo ufungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia tela, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Ukifungwa juu na gogo likanasa kwenye kisiki, trekta linapinduka kinyumenyume kabla sekunde 2 hazijaisha, na dereva hapati hata nafasi ya kukanyaga klachi. Trekta lisilo na chuma cha kumkinga dereva pamoja na mkanda silichukui hata la bure, liwe na HP ngapi.

HP zenyewe zinaingia kwenye vifaa. Mashine ya kufyekea barabara za moto (njia za kuzuia moto usivuke) inataka kama HP 5 kwa kila futi ya upana, na ni HP za pitio (mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha mashine), ambazo ni pungufu ya zile za injini zilizoandikwa ubavuni. Mashine ya futi 5 inataka 25 za pitio, kwa hiyo injini ya 30 na kitu. Za kuchania mbao usizihesabu; dingdong, mashine ya kuchania mbao ya huku kwetu, lina injini yake.

Usilipe kabla ya kulijaribu kwenye mteremko wako mwenyewe, na gogo lako mwenyewe. Muuzaji akikataa, kodi la aina hiyo kwa jirani siku moja. Kisha lala chini ulitazame tumboni: filta ya oili na mipira ya haidroliki vikiwa wazi, fundi achomelee bamba la chuma kabla halijaingia shambani, na wakata miti waambiwe visiki viachwe vifupi. Nunua na brashi ngumu. Majani ya misindano hujaa kwenye wavu wa rejeta, na kabla ya saa sita mchana injini inachemka. Dereva akienda kunywa chai, wavu usafishwe.