Mstari wa Mafuriko: Pima Kwanza, Rangi Baadaye

Msomaji ameandika: wana mchoraji na mtaalamu wa bahari, wanataka mtaa uone maji yatafika wapi. Waanzie wapi? Kwenye kimo. Rangi ije mwisho.

Mwaka 2007 msanii Eve Mosher alichora New York, kwa chaki ya unga, mstari wa futi 10 juu ya usawa wa bahari, takriban kilomita 110, akizungumza na kila aliyesimama kuuliza. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilifurikisha sehemu nyingi za ukanda huo. Mstari ule uliaminika kwa sababu ulipimwa.

Usawa wa bahari ni wastani tu. Mtaalamu aanze na kimo cha maji ya bamvua (maji yanayojaa kupita kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu), aongeze kupanda kwa bahari kunakokadiriwa, kisha msukumo wa dhoruba, yaani maji yanayosukumwa na upepo hadi nchi kavu. Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Makadirio ya miaka ya mbele yana kiwango cha chini na cha juu. Basi chora utepe mpana unaoonyesha vyote viwili. Mchoraji anayeng'ang'ania mstari mmoja mwembamba kwa kuwa unapendeza anawapotosha watu, na hilo linaniudhi kweli.

Kuhamisha kimo, tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 20, uliojaa maji yenye rangi kidogo. Ncha moja iwe kwenye alama ya wapimaji ardhi ambayo kimo chake kinajulikana, ya pili ukutani. Maji yakitulia, weka alama: ina kimo kilekile, na kutoka hapo pima juu au chini hadi kimo cha mafuriko. Kiputo kimoja cha hewa huharibu kipimo, kwa hiyo gongagonga mpira mpaka vitoke vyote. Usiuache nusu juani nusu kivulini, maji ya moto hutanuka. Mwishoni rudini mlipoanzia: tofauti ikizidi sentimita 2, pimeni upya.

Rangi ya chokaa inafaa: iloweke usiku kucha, tia chumvi kiganja kimoja kwa ndoo ya lita 10, na bluu ya unga inayostahimili chokaa. Vaeni glavu na miwani, inaunguza. Ukuta uloweshwe kwanza, la sivyo itabanduka. Ruhusa ya mwenye nyumba ni lazima.

Siku ya kuchora, mtaalamu asibaki ofisini. Wazee wataonyesha mafuriko ya zamani yaliishia wapi. Kila alama ipimwe kwa mpira uleule, ichorwe kwa rangi nyingine pamoja na mwaka wake. Ikipingana na ramani ya mafuriko ya mtaalamu, msikimbilie kumsahihisha mzee. Kagueni kwanza kama ramani ina mitaro yote, na kama ile iliyopo imeziba.