Wimbo wa Skiza kwa simu ya biashara: angalia laini kwanza

Kwa aliyeuliza aweke wimbo gani ili wateja wa duka lake la vipuri wausikie kabla hajashika simu, au kama ajirekodie salamu za voicemail: mimi nauza sare za shule soko la Gikomba, Nairobi, na Januari simu yangu hailali.

Voicemail achana nayo. Mtu wa Nairobi akiambiwa aache ujumbe anakata upesi, salio lisiliwe. Kinachosikika ni Skiza, ile huduma ya Safaricom ya *811# inayomchezea anayekupigia wimbo badala ya mlio wa kawaida.

Wengi huchagua wimbo uliowanogea ndani ya matatu. Lakini matatu ina spika za besi chini ya viti. Laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, basi. Besi inabaki nje. Tena mitambo inayobana sauti ya simu iliundwa kwa ajili ya mtu anayeongea, kwa hiyo ngoma, kinanda na waitikiaji wakiingia kwa pamoja, unasikia mabati yakikwaruzwa. Gengetone, ule muziki wa vijana wa Nairobi, inaumia sana hapo, ingawa naipenda. Benga inapita bila shida kwa sababu gitaa la solo hulia juu, pale pale simu inaposhika. Zilizopendwa za miaka ya 1960 nazo ziko sawa: magitaa machache, mwimbaji mbele.

Chagua kipande kinachoanza na sauti ya mtu. Wimbo mmoja mara nyingi una namba (code) kadhaa za kuuchagulia kwenye Skiza, kila moja na kipande chake, na ukichukua ya utangulizi utakuwa umeshika simu kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Kuna na maneno. Jirani yangu wa kibanda alikuwa na wimbo wa sherehe, akafiwa. Waliompigia kumpa pole walisikilizishwa watu wakiitisha vinywaji. Injili ndiyo kimbilio la wengi na sina neno nayo, ila wateja wangu wa Eastleigh na wa Kariobangi hawasali pamoja, kwa hiyo duka nimeliwekea benga.

Kabla hujaamua, azima kabambe ya mtu, ile simu ndogo ya vitufe, usimame barabarani ujipigie, maana wimbo wako mwenyewe huwa huusikii. Na ukibadilisha, ondoa ule wa zamani, usije ukakatwa pesa za nyimbo mbili.