Sato, kambare au migebuka kwenye lambo la Sikonge?

Salaam mkuu. Umesema lambo lako la kunyweshea ng'ombe lina maji ya tope, unataka sato na kambare pamoja, na jirani anakushauri ulete migebuka kutoka Kigoma.

Migebuka sahau. Ni samaki wa maji mengi, safi na ya kina ya Ziwa Tanganyika. Kwenye lambo hawatakaa.

Kabla ya kununua kifaranga hata mmoja, subiri Oktoba uone maji yanabaki kiasi gani. Yakibaki chini ya mita moja, sato wanaweza kupata shida ya hewa. Kambare atavumilia, maana anavuta hewa juu ya maji. Kwangu lambo likipungua hivyo huwa navua wote nauza, napandikiza upya masika.

Yakibaki ya kutosha, anza na sato madume watupu. Ukichanganya na majike watazaliana hadi lambo lijae visamaki vya kiganja visivyo na mnunuzi. Wawili kwa mita ya mraba wanatosha kama hulishi sana. Kambare waingize baadaye, wadogo kuliko sato, la sivyo umewapikia futari.

Tope nalo: zuia ng'ombe wasiingie, wachotee maji kwenye birika pembeni. Maji yakiwa ya kahawia, jua halipenyi na chakula cha asili hakioti.

Halafu lambo likifurika, maji yanakwenda wapi? Huko kwenu mito mingi inaishia mto Malagarasi, ambako kuna perege wa asili, ndugu wa sato, asiyepatikana kwingine, na sato akitoroka anaweza kuzaa naye machotara. Weka wavu kwenye utoro wa maji, yaani pale maji ya ziada yanapotokea.