Turbini inatetemeka mzigo ukishuka: pimeni veni kabla ya kununua gurudumu

Mkuu, umeandika kwamba turbini ya kiwanda chenu cha chai, ya maji, aina ya Francis yenye shafti ya kulala, inatetemeka vibaya mzigo ukishuka chini ya nusu. Mkiifunga, shafti haisimami, inaendelea kuzunguka polepole. Na mkandarasi amewaambia gurudumu, lile lenye mapanga linalozungushwa na maji, limekwisha, mnunue jipya. Tafadhali msinunue kitu bado. Nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye kituo kidogo cha kilowati 320 huko Nyanda za Juu Kusini, na dalili zote mbili nimezipitia. Zote zinaanzia kwenye veni.

Tuelewane kwanza veni inafanya nini, maana hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Maji yakitoka bomba kuu yanaingia kwenye konokono, yaani ganda lililojiviringa kuizunguka turbini, yanazunguka, halafu yanapita katikati ya veni, zile bapa zilizopangwa duara kulizunguka gurudumu. Kila veni imeshikwa kwa mkono mdogo kwenye ringi moja. Gavana, kifaa kinachoshika spidi ya mashine, ikisukuma ringi, zote zinageuka pamoja. Ukiitazama harakaharaka utasema ni koki. Siyo. Koki inabana tu. Veni ikibana inabadilisha pia pembe ambayo maji yanaliingilia gurudumu, na turbini inaishi kwa pembe hiyo. Maji yanaingia yakizunguka, gurudumu linayanyang'anya mzunguko ule, na yakitoka yanatakiwa yawe karibu yamenyooka. Mzunguko ulionyang'anywa ndio umeme wako.

Sasa, mapanga ya gurudumu la Francis hayageuki. Yamechongwa kwa mtiririko fulani, karibu na mzigo kamili. Ukishuka hadi nusu, veni zimelala, maji yanaingia na mzunguko mwingi kuliko gurudumu linavyoweza kuuchukua, yanatoka bado yanazunguka, na ndani ya bomba la kutolea yanasokota kamba inayoyumba kama nyoka. Kamba hiyo haiendi na spidi ya shafti. Huzunguka kwa kama robo hadi theluthi yake. Mashine yetu ilikuwa ya mizunguko 1,000 kwa dakika, yaani karibu 16.7 kwa sekunde, na mapigo ya kamba yalikuwa manne au matano kwa sekunde, kishindo kizito kutoka chini, unakisikia miguuni kabla ya masikioni. Francis yoyote ina tabia hiyo, ya kwenu na zile kubwa za Kidatu. Gurudumu jipya la umbo lilelile litakupa kishindo kilekile. Dawa ni kutokaa kwenye eneo hilo la mzigo, au kuingiza hewa kidogo chini ya gurudumu. Kama mna vali ya hewa, hakikisheni inapumua. Ya kwetu tuliikuta imezibwa na rangi.

Viktor Kaplan, mhandisi wa Austria, alilishughulikia jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuyafanya mapanga ya gurudumu nayo yageuke, sambamba na veni. Ndiyo maana kituo cha Nalubaale pale Jinja, Uganda, kilichofunguliwa 1954 mahali penye maji mengi na mwanguko mfupi, kilipewa turbini za Kaplan. Huko nako kuna mtihani wake: kwa kila mfunguko wa veni kuna pembe moja ya mapanga inayofaa, na uhusiano huo ukiteleza, mashine inatetemeka na kupoteza nguvu huku kila kipande kikiwa kizima.

Lakini mtetemo wenu unaweza kuwa si kamba. Nikueleze yaliyotupata, kwa sababu yalitugharimu sana.

Msimu mmoja wa mvua chuma kimoja cha chekeche la kuzuia takataka kilikatika, kipande cha mti unene wa kifundo cha mkono kikapita hadi kwenye konokono. Tulipokuwa tunafunga, kikabanwa katikati ya veni mbili. Kila mkono wa veni una pini dhaifu iliyotengenezwa ikatike kwa ajali ya namna hiyo, ili veni nyingine zifunge. Ikakatika, ikafanya kazi yake sawasawa. Ila ilikatikia chini ya grisi nyingi, hakuna aliyeiona. Tukawasha tena. Veni 15 zikawa zinatii, ya 16 inaelea tu. Mtetemo ukawa kwenye kila mzigo, na beringi ya upande wa turbini ikapanda kutoka nyuzi 52 hadi 68, kwa sababu maji yalikuwa yanalisukuma gurudumu upande mmoja kuliko mwingine. Aliyeitwa kutushauri akasema gurudumu limepoteza mizani. Tukalitoa, likapelekwa mjini kusawazishwa, wiki tatu tukiunguza dizeli. Likarudi, tukafunga, mtetemo uleule.

Aliyeligundua ni mzee mmoja wa zamu ya usiku. Alichukua chaki, akachora mstari kukatiza kila mkono na ringi yake, akaomba tufungue veni polepole mashine ikiwa imesimama na bomba kuu limefungwa. Mistari 15 ilibaki imenyooka. Mmoja ukakatika katikati. Dakika kumi, chaki moja.

Ingeishia hapo tungeshukuru. Stoo haikuwa na pini, na mtu akaweka boliti ngumu ya saizi ile "kwa muda". Hakuna aliyeandika popote. Miezi michache baadaye likaja jiwe. Boliti haikukatika, kikapinda kishina cha veni, na veni ikachimba bati la pembeni mfereji mzima. Tulisimama miezi miwili. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya jambo lolote, nenda kahesabu pini zako moja moja na uangalie kama zote ni pini kweli.

Kama mkandarasi ana kipimo cha mtetemo, muulize mapigo ni mangapi kwa sekunde, asikupe ukubwa wake tu. Gurudumu lisilo na mizani hugonga mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Kwetu ingekuwa 16.7. Veni iliyokaa vibaya hugonga kila panga linapoipita. Gurudumu letu lina mapanga 13, kwa hiyo karibu 217 kwa sekunde, mlio mwembamba wa kuunguruma kwenye konokono. Kamba, kama nilivyosema, iko chini kabisa. Mtu anayetaka kukuuzia gurudumu bila namba hizi hajafanya uchunguzi.

Shafti kuendelea kuzunguka ni uvujaji. Mchanga umekula midomo ya veni au bushi zake zimelegea, kwa hiyo hata zikifungwa maji yanapenya. Usiuchukulie kijuujuu: kwa spidi ndogo hivyo, beringi ya bushi haipati utando wa mafuta wa kutosha, chuma kinasugua chuma. Mpaka mtakapotengeneza, mkisimamisha mashine fungeni na vali kuu pia.

Ndugu aliyechangia kwamba veni ni teknolojia ya zamani, wafunge inveta, kifaa cha kubadilisha spidi ya mota, amesema kweli kwa vifaa vingine. Feni la boila au pampu, inveta ni nzuri sana: spidi ikishuka hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu nusu, pampu isipokuwa na kazi kubwa ya kupandisha maji juu. Hata veni za mdomoni mwa feni, ambazo huizungusha hewa kidogo kuelekea panga linakokwenda ili feni lisiing'ate sana, hazifikii hapo, ingawa zinashinda kubana hewa kwa bati. Lakini turbini ya mkuu inazungusha jenereta ya hezi 50. Spidi lazima ibaki palepale. Kinachobaki cha kushika ni veni.

Na yule aliyeshauri muda wa kufunga veni upunguzwe ili shafti isimame upesi, naomba asisikilizwe. Kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo wa maji ikikatwa ghafla ndani ya bomba la chuma, shinikizo linaruka kama mita 100 za maji. Kwa bomba la mita 600, "ghafla" ni chochote chini ya sekunde 1.2 hivi. Sisi tulifunga kwa sekunde 9, na hatukuwahi kuigusa skrubu ya kurekebisha muda huo bila mhandisi.

Mkiingia kupima, fungeni vali kuu na kuitia kufuli, tokeni maji yote, na muondoe shinikizo la mafuta ya gavana. Veni zikijifunga mkono ukiwa katikati, hakuna wa kuzizuia. Kisha mzifunge zenyewe kwa utaratibu na mpitishe fila geji, zile bapa nyembamba za kupimia nafasi, kwenye kila mguso wa veni na veni, juu, katikati na chini. Ya milimita 0.05 isipite. Kwetu ilipita hadi ya 0.9. Pimeni pia nafasi ya kila veni na mabati ya pembeni, andikeni kwa namba ya veni, mzilete hapa pamoja na idadi ya mapanga na spidi ya mashine. Picha za pini pia, zikiwa zimefutwa grisi.